Sarafu ya Bachisio

Kila asubuhi, saa mbili kasoro dakika tano,
lango la mahakama ya Nuoro linanipigia kelele.
Si mimi. Ni resolza ya baba,
imejikunja kwenye mfuko wa kulia wa sketi
kama paka aliyekataa kuamka:
mpini wa pembe ya kondoo dume,
bapa jembamba kama jani la mhadasi,
nusu yake imeshaliwa na kinoo.

Baba aliitumia kwa mkate, kwa jibini,
kwa kwato za mbuzi, kwa miiba ya nyayo zetu,
na jioni, kwa upole ambao hakuwapa watu,
aliifuta kwenye paja la suruali, akaifunga: tak.
Ukisikia tak, ujue chakula kimekwisha.

Mimi ni karani wa masijala. Kazi yangu ni kamba.
Kesi za mipaka, za mirathi, za kondoo waliohama usiku,
zote zilifungwa na watu waliokwisha kufa
ambao hawakutaka mafundo yao yafunguliwe.
Nafungua kwa ufunguo. Kwa meno.
Kwa ukucha huu uliopasuka.
Kisu ndani hakiruhusiwi, na sibishi:
ghorofa ya chini, katika kabati la vielelezo,
visu kumi na saba vimelala na vibandiko shingoni,
ndugu wa huyu wangu,
vilivyoangukia mkono mbaya siku mbaya.
Mimi ndiye ninayeyapanga mafaili yao.

Basi Bachisio, mlinzi, akanyoosha kiganja.
Lakini huku kwetu kisu hakipokelewi bure;
ukikipokea bila kulipa, kinaanza kwa kukata urafiki.
Akanipa senti kumi, siku ile ya kwanza, bila kucheka.
Jioni akanirudishia kisu, nikamrudishia senti zake.
Kesho yake vilevile.
Miaka sita, sarafu ileile, imepinda kidogo ukingoni.
Wengine hugombea mpini na kuachiana makali;
sisi tuliushika kwa zamu.

Wakaguzi kutoka Torino walituuliza
hii ni rushwa gani ya senti kumi.
Bachisio akasema, andikeni.
Wakaandika.
Karatasi hiyo ipo. Niliifunga kamba mwenyewe.

Hatukuwahi kunywa kahawa pamoja.

Ijumaa moja ya Novemba alinipa kisu, nikampa sarafu,
akasema, "Bonaria, bawaba yake inataka mafuta."
Jumatatu nikamkuta kijana wa Sassari, glavu za buluu.
Akakitumbukiza kisu kwenye trei ya plastiki,
akanipa namba. Kumi na nne.
Nikasimama palepale.
Alidhani nasubiri risiti.

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, wanasema.
Wiki nzima nilikuwa nacho, na nyama haikupita kooni.

Jumapili nikapanda basi hadi Oliena.
Hakuwa mgonjwa. Goti tu, na pensheni iliyowahi.
Alikuwa ameketi kwenye ngazi za nje, soseji mapajani,
anaitazama kama mtu aliyesahau nywila.
"Huna kisu?"
"Ningepitaje nacho langoni? Nani angenipekua mimi?"
Miaka thelathini akipokea visu vya watu,
na soseji yake anaing'ata.

Akapapasa mfuko wa koti.
Ileile, imepinda ukingoni.
Nikaipokea, nikampa kisu, mpini mbele.
Hakuharakisha. Alikikunjua, akakipima kwa kidole gumba,
akasikiliza bawaba.
"Umetia mafuta."
"Nimetia."
Akakata vipande viwili vinene,
akafuta bapa kwenye paja la suruali,
tak,
akanirudishia.

Nilitafuna. Mlima Corrasi ulikuwa mweupe juu, kama chokaa.
Senti kumi zilikuwa zinapata joto kiganjani.
"Lipa," akasema, "usije ukatukata."
"Jumapili ijayo," nikamwambia,
nikafunga kiganja.